Kompositi ya magego: jibu langu refu

Swali ninaloulizwa na madaktari wa meno walioanza kazi karibuni halibadiliki: "Dokta, kompositi ipi ni nzuri kwa magego?" Huuliza wakiwa na sirinji mbili za kompositi, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, mkononi, wakisubiri ninyooshe kidole. Nami huwarudishia maswali. Tundu lina kina gani? Kuta ngapi za jino zimebaki? Ukingo wa chini umeishia kwenye enameli, lile ganda gumu la nje, au umeshuka hadi kwenye mzizi? Mate utayazuia kwa njia gani? Akishanijibu hayo, mara nyingi sirinji anaichagua mwenyewe.

Najua jibu la namna hiyo linaudhi, hasa kwa mtu ambaye mgonjwa wake ameshapigwa ganzi na amepanua mdomo. Basi leo nimeona niandike kwa kirefu, nikitaja na majina ya bidhaa pale inapobidi.

Kuziba gego ni kazi tofauti na kuziba jino la mbele. Jino la mbele hutazamwa, gego husaga. Linabeba nguvu kubwa kuliko jino lolote mdomoni, na limekaa mahali ambapo taa haifiki vizuri wala mkono hauzunguki. Juu ya hayo, mfereji wa tezi kubwa ya mate hufungukia shavuni, mkabala na gego la pili la juu. Ukimaliza kukausha, mate yanakungoja pale pale. Ulimi nao hauna adabu.

Kompositi yoyote ina vitu viwili vikuu: rezini, ambayo ndiyo inayogandishwa kwa taa, na unga wa kioo au silika, ambao ndio unaobeba mzigo. Kati yake kuna kemikali iitwayo sileini, inayozishikamanisha punje za unga na rezini. Rezini iliyozoeleka zaidi, Bis-GMA, ni kazi ya Mmarekani Rafael Bowen, aliyeipatia hataza mwaka 1962. Yenyewe ni nzito kama asali, kwa hiyo huchanganywa na rezini nyepesi, kama TEGDMA, ili unga uingie kwa wingi. Hapo ndipo mvutano wote unapoanzia. Rezini ikizidi, kompositi hutiririka na kuingia kila kona, lakini ikiganda husinyaa zaidi na huchakaa upesi. Unga ukizidi, kusinyaa hupungua na uimara huongezeka, lakini kuishindilia kunakuwa kazi na mapovu ya hewa hubaki pembeni. Kila sirinji iliyomo kabatini ni uamuzi wa mtengenezaji mmoja kuhusu mvutano huo: amekubali kupoteza nini ili apate nini.

Ndiyo maana nikifungua boksi jipya, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye karatasi ya maelezo ni kiasi cha unga, na nakitafuta kwa ujazo, si kwa uzito. Kioo ni kizito kuliko rezini, kwa hiyo asilimia ya uzito hupendeza macho: kompositi yenye unga wa asilimia 78 kwa uzito inaweza kuwa na karibu asilimia 60 tu kwa ujazo. Wauzaji wanaijua hesabu hiyo, na ndiyo sababu namba kubwa huwekwa juu na ile ndogo hufichwa kwenye jedwali la nyuma. Kwa uso wa kutafunia nataka ujazo wa asilimia 60 hivi au zaidi.

Je, tofauti hiyo inaonekana mdomoni, au ni ya maabara tu? Utafiti ninaoupenda kuliko wote kwenye jambo hili ulifanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2011. Watafiti walifuatilia magego yaliyozibwa katika kliniki moja binafsi kwa miaka 22, wakilinganisha kompositi mbili za wakati ule: P-50 APC, yenye unga wa asilimia 70 kwa ujazo, na Herculite XR, yenye asilimia 55. Zote zilidumu vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Za ile ya kwanza ziliharibika asilimia 1.5 kwa mwaka, za ya pili asilimia 2.2. Ukizitazama namba hizo kwa haraka utasema ni kitu kile kile. Zizidishe kwa miongo miwili uone. Na angalia jambo jingine: P-50 haikuwa kompositi ya kupendeza. Punje zake zilikuwa kubwa, haikung'aa kama hizi za leo. Lakini gego halikuombwa ling'ae.

Hapo ndipo ninapokosana na matangazo ya nano. Zipo kompositi ambazo unga wake wote kweli ni wa punje za nano. Filtek Z350 XT ni mfano: punje za silika za nanomita 20 na za zirkonia ndogo zaidi ya hapo, nyingine zikiwa zimeungana katika vishada. Lakini nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni kompositi mchanganyiko za kawaida, zenye vioo vya ukubwa wa karibu mikroni moja au chini yake, zikaongezewa punje ndogo za nano kidogo. Si mbaya hata kidogo. Zinang'arika vizuri, na mng'aro wake unadumu. Ila kwenye gego la pili la chini, ambako hata mwenyewe hulioni bila kioo, sioni kwa nini niiache kompositi mchanganyiko ya zamani kama Filtek Z250, ambayo imeshakaa kwenye midomo ya watu miaka mingi na tabia zake tunazijua.

Sasa kusinyaa. Kompositi nzito husinyaa kama asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake inapoganda, na zile laini, zinazotiririka, husinyaa zaidi ya hapo. Kiasi hicho ni kidogo kukitamka, lakini fikiria tundu la katikati ya gego, lile la umbo la sanduku: sakafu moja na kuta nne zimeshikwa na gundi, na uso mmoja tu, wa juu, uko huru. Nyuso tano dhidi ya moja. Kompositi inataka kujikusanya na haina pa kutolea mvutano, kwa hiyo inavuta kuta. Ukuta ukiwa mwembamba, unapinda. Gundi ikiwa dhaifu mahali, inaachia mahali hapo hapo, na kwa kawaida ni sakafuni. Mgonjwa anarudi baada ya wiki akisema, "Daktari, maji baridi sawa, lakini nikiuma kitu kigumu nashtuka." Picha ya eksirei safi, jino zima kwa macho. Mara nyingine ukichungulia kwa lenzi unaona kamstari keupe ukingoni mwa enameli: hapo enameli yenyewe imechanika kwa kuvutwa.

Dawa ya kale ni kujaza kwa tabaka la milimita 2, kwa mshazari, tabaka moja lisiguse kuta mbili zinazotazamana kwa wakati mmoja. Kazi ya subira. Katika tundu lenye kina cha milimita 6 unaweka, unashindilia, unamulika, unarudia, na kila mwanya kati ya tabaka na tabaka ni nafasi ya povu au tone la mate kuingia. Ndipo zikaja kompositi za kujaza kwa mkupuo, zinazoruhusu milimita 4 kwa mara moja, na baadhi hata 5.

Zinawezaje? Kwanza zimefanywa angavu zaidi ili mwanga upenye. Pili, baadhi zimeongezewa kichocheo chenye nguvu zaidi: Tetric EvoCeram Bulk Fill, kwa mfano, ina Ivocerin pamoja na kamforakwinoni ya kawaida. Tatu, kemia ya rezini yenyewe imerekebishwa ili mvutano uje polepole. Hiyo ndiyo hoja kuu ya SDR. Wenzangu huchanganya makundi mawili hapa. SDR na ndugu zake ni laini, hutiririka na kujisawazisha, na asili yake zilitengenezwa ziwe sakafu: juu yake unaweka kofia ya milimita 2 ya kompositi nzito. Kundi la pili ni nzito tangu mwanzo, na linaruhusiwa kufika hadi juu, kwenye uso wa kutafunia. Nimeona ile laini ikiachwa wazi juu ya gego kwa sababu boksi lilisema "magego". Boksi lilisema kweli, ila maelezo ya ndani hayakusomwa.

Kuhusu kudumu, van Dijken wa Sweden na Pallesen wa Denmark walilinganisha magego yaliyojazwa SDR chini na kofia juu dhidi ya yale yaliyojazwa kwa tabaka za milimita 2, na baada ya miaka 5 hawakukuta tofauti ya maana. Hilo linanitosha kuziamini. Halinitoshi kuziita bora. Zinaokoa muda na zinapunguza mianya kati ya tabaka, basi.

Kasoro yake ni rangi. Kwa kuwa ni angavu, juu ya dentini, tabaka lililo chini ya enameli, iliyogeuka kahawia hutoa kivuli cha kijivu. Kwenye gego la mwisho simjali mtu. Kwenye gego dogo la kwanza la juu, linaloonekana mtu akicheka, hapo naweka kofia ya kompositi ya kawaida hata kama maelezo hayanidai.

Lakini ngoja niseme kuhusu zile milimita 4, maana hapa ndipo watu wanajidanganya. Kipimo hicho hupatikana kwa taa nzuri, ncha ikiwa imegusa juu ya kalibu yenye kompositi, bila shavu wala kona. Kuna jaribio rahisi la kiwango cha ISO 4049 ambalo kila kliniki inaweza kulifanya mchana mmoja wageni wakiwa wachache. Unachukua bomba fupi la chuma lenye tundu jembamba, unajaza kompositi, unamulika upande mmoja kwa muda ulioandikwa, unaitoa, kisha unakwangua upande wa chini kwa spatula ya plastiki mpaka ile laini yote itoke na ubaki na ngumu. Unapima urefu uliobaki na kugawa kwa mbili. Hicho ndicho kina cha kuganda.

Tulilifanya kliniki kwetu kwa taa zote, zile mpya na ile ya kona ambayo kila mtu anaipenda kwa sababu ni nyepesi mkononi. Ile ya kona, kipande kilitoka kifupi kiasi kwamba hakuna aliyebisha. Inawaka bluu vizuri tu, macho hayawezi kutambua. Kisha tukarudia na taa nzuri, safari hii ncha ikiinuliwa juu kidogo, umbali wa kutoka mwinuko wa gego hadi sakafu ya kisanduku cha pembeni, yaani tundu lililo ubavuni mwa jino, na ikiinamishwa kama inavyoinama mgonjwa asipopanua vya kutosha. Nayo ilipungua. Uso wa juu wa kipande ulikuwa mgumu kila mara, ukigonga kwa kifaa unalia. Chini yake spatula ilikuwa inachimba. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: sehemu unayoweza kuigusa mdomoni ndiyo iliyoganda vizuri siku zote, na usiyoifikia ndiyo ile iliyo karibu na kiini cha jino.

Tangu hapo namulika kisanduku cha pembeni mara tatu: juu, kisha mkanda wa chuma unaozungushwa jino wakati wa kujaza ukishatolewa, upande wa shavu na upande wa ulimi. Navaa miwani ya rangi ya chungwa na nautazama mwanga badala ya kugeuza shingo, kwa sababu mkono wa mtu asiyetazama huhama. Na ncha ya taa nafuta kila mara. Kompositi iliyokaukia pale inakula mwanga kimya kimya.

Kuna makundi mengine nitayapitia haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja kompositi ngumu za "kushindilia kama amalgamu", ile dawa ya zamani ya madini yenye zebaki. Hazikushindilika kama amalgamu. Mwaka 2007 ikaja Filtek Silorane, yenye kemia tofauti kabisa na kusinyaa chini ya asilimia 1. Ilihitaji gundi yake yenyewe, na kwa matokeo ya mdomoni haikuzishinda zile za kawaida. Haipo tena sokoni. Somo nililolipata kwake ni kwamba kusinyaa kidogo peke yake hakumwokoi mtu. Zipo ormosa, zinazochanganya kemia ya rezini na ya kauri, kama Admira Fusion, ambazo ni kemia nzuri na kwa mkono wangu hufanya kazi sawa na nyingine. Zipo zenye nyuzi fupi za kioo, kama everX Posterior, ambazo huwekwa chini badala ya dentini na kufunikwa juu. Hizi nazipenda kwa gego lililotibiwa mzizi na kupoteza ukuta, kwa sababu ufa ukianza, nyuzi huukatiza njia. Na ipo mbinu ya kupasha moto kompositi nzito kwenye kifaa maalumu hadi nyuzi joto 60 hivi: inalainika, inaingia kona, na unga wake hujapunguza. Ila uwe na mkono mwepesi, maana inapoa ukiwa bado unatafuta kifaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna sirinji inayolitatua.

Mzee mmoja alikuja kwangu na gego lililozibwa kwingine. Kompositi nzuri, rangi nzuri, hakuna uozo. "Daktari," akaniambia, "jino haliumi, lakini chakula chote kinalala hapo." Nilipitisha uzi wa kusafishia kati ya gego na jirani yake, ukapita bila kugusa kitu. Meno hayo mawili hayakuwa yanagusana. Fizi katikati ilikuwa imevimba na inatoa damu kwa kuguswa tu. Nilimwambia, mzee wangu, dawa iliyotumika haina shida, shida ni umbo. Tukalifungua upande ule na kuanza upya.

Amalgamu ukiishindilia husukuma mkanda mpaka uguse jino la jirani. Kompositi haisukumi. Ukiweka mkanda wa kuzunguka jino zima, ulionyooka, utapata ukuta ulionyooka na pengo. Ninachotumia ni kipande cha mkanda kilichopinda, kabari ya mbao au plastiki chini kwenye fizi ili kisivuje, na pete ya chuma inayoyasukuma meno mawili yaachane kidogo. Kabla ya kujaza, nasugua mkanda kwa mgongo wa kifaa hadi ulale kwenye jino la jirani. Pete ikitolewa, meno hurudi na kubanana. Uzi ukipita sasa unapaswa kukataa kidogo, kisha uingie kwa mlio. Nisipousikia mlio huo, mgonjwa hanyanyuki kitini.

Unyevu ndio mwamuzi mwingine. Gundi za sasa ni nzuri kuliko wakati wowote, na enameli iliyopakwa asidi ya fosforiki bado ndiyo mshiko wa kuaminika kuliko wote, tangu Buonocore alipoonyesha njia hiyo mwaka 1955. Kwa hiyo hata na gundi zinazojitegemea, zisizohitaji asidi kupakwa kwanza, napaka asidi kwenye ukingo wa enameli tu, sekunde 15 hadi 30, nikiiepusha dentini. Lakini ukingo ukishuka chini ya enameli, pale karibu na fizi, mshiko wako wote ni dentini ya mzizi, na damu au ute wa fizi ukiugusa umeisha. Naweka kipande cha mpira kutenga jino kila inapowezekana. Isipowezekana kabisa, na sakafu inachuruzika, siweki kompositi, iwe ya jina gani. Naweka glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuzibia, ambayo huvumilia unyevu na kutoa floridi, kisha fizi ikitulia nakata sehemu ya juu na kuweka kompositi hapo. Zamani mtu angesema, weka amalgamu uende nyumbani. Tangu Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, wa mwaka 2013, nchi zimekuwa zikiipunguza, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Januari 1, 2025, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima kwa mgonjwa. Kwa hiyo hili la kuziba vizuri mahali penye unyevu hatuna tena pa kulikimbilia.

Nikirudi kwenye kabati langu: nina kompositi nzito ya aina moja kwa nyuso zote za kutafunia, ninayoijua mpaka nikifumba macho, laini ya kujaza kwa mkupuo kwa visanduku virefu vya pembeni, yenye nyuzi kwa magego yaliyotibiwa mzizi, na laini ya kawaida ambayo naipaka kwa unene wa nusu milimita tu, kwenye kona ambazo kifaa hakifiki. Nne. Mwenzangu wa chumba cha pili ana sirinji za kampuni sita na hajui ipi inahitaji kofia.

Rangi tunabishana hadi leo. Yeye analinganisha gego na kompositi hadi mpaka upotee kabisa, na mgonjwa anafurahi. Mimi, kwenye magego makubwa ya nyuma, nachagua kwa makusudi rangi iliyo nyeupe kidogo kuliko jino. Kompositi hiyo kuna siku itatolewa, na atakayeitoa atakuwa na mashine ya kuchonga mkononi, akitazama kitu kilichofanana na jino kilichoshikana na jino. Mpaka ukionekana, atachonga kompositi. Usipoonekana, atachonga enameli ya mtu.